Kichupa cha Matone ya Pua: Dawa ya Siku Tatu Iliyonifunga Miaka Mitatu

Mwezi wa Ramadhani ndio ulionifichua.

Kwa miaka mitatu nilikuwa nikitembea na kichupa kidogo cha matone ya pua katika mfuko wa kanzu. Kwenye feri ya Likoni ninacho, kazini ninacho, arusini ninacho. Usiku nilikilaza chini ya mto. Sikujiona mgonjwa. Nilijiona mtu mwenye mafua yasiyokwisha, na dawa yangu naijua. Basi ilipoingia Ramadhani mwaka huo nikaamua nisitie matone mchana, kwa kuwa dawa ya puani huteremka hadi kooni na sikutaka kuitilia shaka saumu yangu.

Siku ya kwanza, adhuhuri haijaadhiniwa, mianzi yote miwili ya pua ilikuwa imefunga kama mlango uliotiwa komeo. Nikawa nahema kwa mdomo, koo limekauka, kichwa kinanigonga. Ilipoadhiniwa magharibi, wenzangu wakanyoosha mkono kwenye tende, mimi mkono wangu ukaenda mfukoni.

Mama watoto akanitazama, akasema, "Hiyo si dawa tena. Hiyo imekuwa bwana wako."

Nilikasirika, lakini usiku ule nilihesabu. Nilikuwa natia matone mara sita au saba kwa siku, na kila siku kumi nanunua kichupa kipya. Baada ya Idi nikaenda kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Akanimulika puani kwa tochi yake, akaniuliza swali moja tu: "Unatumia matone gani, na tangu lini?" Nilipomjibu akatabasamu kama mtu aliyeisikia hadithi hiyo asubuhi ile ile kwa wagonjwa wengine watatu. Kisha akanieleza kwamba mafua yangu yaliisha zamani, na kinachoniziba pua ni ile dawa yenyewe.

Wazee wetu walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa mfukoni. Na kwa kuwa tangu siku ile nimekutana na watu wengi wa mtaani kwetu wenye kichupa kama changu, nimeona niyaandike niliyoyajifunza.

Ni dawa gani tunayoizungumzia?

Si kila kinachotiwa puani ni hatari. Yako matone ya maji ya chumvi, ambayo hata mtoto mchanga hutiwa. Ziko dawa za mzio za kupuliza puani, ambazo mtu huweza kuzitumia miezi akiwa chini ya daktari. Tunazozizungumzia hapa ni zile zinazofungua pua papo hapo, dakika chache tu baada ya kutiwa.

Zinazouzwa sana kwenye kemisti zetu zina oksimetazolini au zailometazolini. Iko na nafazolini, na dawa ya zamani zaidi iitwayo efedrini. Ukitaka kujua kama kichupa chako ni cha jamii hii, usitazame jina kubwa la biashara lililo mbele ya kasha. Geuza kasha, usome maandishi madogo yanayotaja dawa iliyomo. Ukiona jina linaloishia na herufi z-o-l-i-n-e, ndiyo hiyo. Kama maandishi yamekushinda, mpe kijana wa nyumbani akusomee, au muulize mfamasia.

Dawa hizi si mbaya kwa asili yake. Mtu mwenye mafua makali asiyeweza kulala, au mwenye maumivu ya uso kwa sababu ya kuvimba ndani ya pua, hupata nafuu kubwa. Ubaya uko kwenye siku. Ushauri wa kawaida wa madaktari ni siku tatu, na zikizidi sana ziwe tano. Baadhi ya makasha huandika mpaka siku saba. Hakuna kasha linaloandika miaka mitatu.

Dawa inafanya nini ndani ya pua

Ili uielewe hatari, ni lazima kwanza uelewe pua inavyoziba. Wengi tunadhani pua huzibwa na kamasi, ndiyo maana tunapenga na kupenga mpaka ngozi inachubuka. Kamasi ina sehemu yake, lakini kizibo kikubwa ni nyama ya pua yenyewe.

Ndani ya kila mwanzi wa pua, ubavuni, mna mikunjo mitatu ya nyama laini iliyopangana. Kazi yake ni kuipasha joto hewa unayoivuta, kuitia unyevu na kunasa vumbi kabla halijafika mapafuni. Ili kufanya kazi hiyo, nyama hiyo imejaa mishipa ya damu. Mishipa ikijaa damu, nyama huvimba na njia hupungua. Mishipa ikinywea, njia hufunguka. Hata mtu mzima wa afya, mwanzi mmoja huwa wazi zaidi kuliko wa pili, kisha baada ya saa kadhaa hupokezana. Wengine huyaona mabadiliko hayo wakadhani ni ugonjwa, wakakimbilia matone bila ya haja.

Ukipata mafua, au ukivuta vumbi linalokudhuru, mishipa ile hujaa kupita kiasi. Hapo ndipo matone yanapofanya kazi: huiamrisha mishipa ijikaze. Damu hupungua, nyama hunywea, na ghafla unavuta hewa mpaka kifuani. Raha hiyo huweza kudumu saa kumi, hata kumi na mbili, kwa dawa zinazokaa muda mrefu.

Tiba inavyogeuka ndwele

Tatizo ni kwamba mishipa huzoea. Ukiiamrisha kila siku ijikaze, baada ya siku chache huanza kutoisikia amri. Matone yaliyokutosha kutwa nzima sasa yanakutosha saa sita, kisha saa nne, kisha mbili. Na kila nguvu ya dawa inapokwisha, mishipa hujaa damu kuliko ilivyokuwa kabla ya kutia. Pua inaziba zaidi. Nawe kwa kuwa imeziba, unatia tena.

Ni kama kuchukua vitu kwa deni dukani. Kila unapotia matone baada ya siku zile za kwanza, unakopa pumzi ya kesho. Kesho ikifika huna pumzi, unakopa ya kesho kutwa. Deni linakua, na mwenye duka yuko mfukoni mwako.

Madaktari wamelijua jambo hili kwa miaka mingi. Lilielezwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa watu waliokuwa wakitumia efedrini, na katika miaka ya 1940 likapewa jina la Kilatini lenye maana ya uvimbe wa pua uletwao na dawa: rinitisi medikamentosa. Kwa hivyo ikiwa umo humo, jua kwamba si wewe wa kwanza, wala si wewe wa mwisho.

Jambo jingine la kujua: huu si ulevi kama wa unga, na anayetumia matone si mlevi. Hatafuti starehe, anatafuta hewa. Hakuna haja ya kumwonea aibu mtu wala kumficha. Lakini mwendo wake unafanana na uraibu: kuficha idadi ya mara unazotia, kuweka kichupa cha akiba ndani ya gari, kuingia wasiwasi ukisahau chako nyumbani. Mimi niliwahi kurudi kutoka Mtongwe hadi kwangu kwa ajili ya kichupa tu, nikachelewa mazishi.

Utajijuaje kama umenaswa?

Jiulize maswali haya, ujijibu kwa ukweli.

Je, umetia matone kila siku kwa zaidi ya wiki moja? Je, hukumbuki tena mafua yaliyokufanya uanze? Je, muda kati ya tone na tone unapungua? Je, pua yako imeziba tu, bila ya homa, bila ya kupiga chafya, bila ya kamasi nyingi? Je, unaamka usiku kutia ndipo upate kulala tena? Je, unakoroma na kuamka mdomo mkavu? Je, umebadilisha aina ya dawa ukitafuta iliyo na nguvu zaidi?

Ukijibu ndiyo kwa mawili au matatu, kuna uwezekano mkubwa kwamba dawa imekuwa sehemu ya ugonjwa. Usiogope, njia ya kutoka ipo na tutaifikia. Lakini kwanza tuyaone madhara, kwa sababu wengi huambiana, "Ni matone tu ya pua, yatanifanya nini?"

Madhara hayaishii puani

Ndani ya pua yenyewe, ngozi laini inayonyimwa damu mara kwa mara huanza kukauka, kuwasha na kutoa damu. Vile vijinywele vidogo vinavyosukuma uchafu nje hudhoofika, na uchafu ukikaa, uambukizo hupata makao. Mtu akiendelea kwa miaka, nyama ya puani huweza kuvimba moja kwa moja isinywee tena, na baadhi huishia kufanyiwa upasuaji. Mara chache, hata ule ukuta wa katikati ya pua hupata kidonda na kutoboka.

Nje ya pua, kumbuka kwamba dawa inayokaza mishipa haijui kwamba umeikusudia pua peke yake. Sehemu yake huingia kwenye damu. Kwa mtu mzima mwenye afya anayefuata kipimo, kiasi hicho ni kidogo. Lakini anayetia mara nyingi kwa siku anajilisha zaidi ya kipimo, na hapo moyo huweza kwenda mbio, presha ikapanda, mikono ikatetemeka na usingizi ukapotea.

Kwetu Pwani jambo hili si dogo. Ni nyumba ngapi hapa ambazo hazina mzee wa presha au mama wa sukari? Mara nyingi wazee hao ndio wanaochangia kichupa kimoja na vijana wao. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo, kisukari, rovu linalofanya kazi kupita kiasi, presha ya macho au uvimbe wa tezi dume asitie matone haya kabla ya kumuuliza daktari au mfamasia. Vivyo hivyo mama mjamzito na anayenyonyesha. Wajawazito wengi huziba pua kwa sababu ya mimba yenyewe, hata bila ya mafua, na hali hiyo huondoka baada ya kujifungua. Akianza matone mwezi wa nne, atajifungua akiwa na tatizo la pili.

Anayetumia dawa za sonona pia amwambie daktari, kwani baadhi ya dawa hizo zikikutana na matone haya hupandisha presha kwa ghafla. Na tahadhari na vidonge vya mafua: vingi vina dawa ya kukaza mishipa ndani yake. Ukimeza kidonge na kutia matone, umejipa dozi mara mbili bila ya kujua.

Watoto wadogo: hapa hakuna mzaha

Kuna siku moja ninayoikumbuka mpaka leo. Binti yangu alikuwa na miaka miwili. Niliingia chumbani nikamkuta amekaa kitandani, kichupa changu kimo mdomoni, anakitafuna kama peremende. Kifuniko kilikuwa kimefungwa barabara, na hakuna kilichotoka. Wakati ule nilicheka, nikamnyang'anya, nikakirudisha chini ya mto. Nilipokuja kujua baadaye nilichokuwa nimekiepuka, miguu iliniisha nguvu.

Mwezi wa Oktoba 2012, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwa wazazi kuhusu dawa za jamii hii, za puani na za macho. Ilikuwa imepokea taarifa za watoto 96, wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka mitano, waliozimeza kwa bahati mbaya tangu mwaka 1985. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi, lakini zaidi ya nusu walilazwa hospitali, na baadhi walipoteza fahamu. Onyo lile lilisema kwamba hata mililita moja au mbili zinaweza kumdhuru sana mtoto mdogo. Kijiko cha chai kina mililita tano. Kwa hivyo tunazungumzia chini ya nusu ya kijiko cha chai.

Mtoto aliyemeza dawa hii huweza kulegea na kusinzia isivyo kawaida, mwili ukapoa, moyo ukapiga polepole na pumzi zikawa chache. Usingoje dalili hizo. Ukimkuta mtoto amefyonza kichupa kilichofunguliwa, usimtapishe, wala usimpe maziwa ukisubiri uone. Mchukue pamoja na kichupa chenyewe, mwende hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.

Na kumtia mtoto puani je? Ziko dawa za watoto zenye nguvu nusu ya za wakubwa, lakini hata hizo si za kujinunulia. Uingereza, tangu mwaka 2009, haishauri dawa za mafua za aina hii kwa watoto wa chini ya miaka sita. Usichukue ya mkubwa ukaipunguza maji. Usimkadirie mtoto kwa macho. Mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua, kwa hivyo pua yake ikiziba mpaka hawezi kunyonya, huyo ni wa kupelekwa kliniki. Nyumbani unaweza kumtia matone ya maji ya chumvi yaliyonunuliwa kemisti, kisha ukamvuta kamasi taratibu kwa kile kimpira chake kabla ya kunyonya.

Tusisahau pia mazoea ya kumdondoshea mtoto mafuta puani, yawe ya nazi, ya habasoda au mengineyo. Mafuta huweza kuteremka mapafuni na kuleta homa ya mapafu isiyopona upesi. Mafuta yabaki kwenye ngozi.

Jinsi ya kutoka

Nilipomuuliza daktari dawa ya tatizo langu akanijibu kwa neno moja: "Acha." Nikacheka. Naye akacheka, kisha akanieleza namna.

Ziko njia mbili ambazo madaktari huzitumia. Ya kwanza ni kuacha kwa mara moja, mianzi yote miwili. Ni njia fupi lakini siku za mwanzo ni ngumu, hasa usiku. Ya pili, ambayo ndiyo niliyoifuata, ni kuacha upande mmoja kwanza. Unachagua mwanzi mmoja, tuseme wa kulia, na tangu siku hiyo hautii tone. Wa kushoto unaendelea nao kwa kipimo, ili uwe na njia moja ya kupumulia. Baada ya wiki moja au mbili, wa kulia utaanza kufunguka wenyewe. Ukishafunguka, unaacha na wa kushoto.

Kusaidia safari hiyo, daktari huandika dawa ya kupuliza puani ya jamii ya steroidi, kama flutikasoni, mometasoni au budesonaidi. Usiogope neno steroidi. Kiasi chake ni kidogo na hukaa zaidi puani. Dawa hii haikazi mishipa, bali hupunguza uvimbe, na haina tabia ya kukufanya uitegemee. Lakini haifanyi kazi papo hapo. Huchukua siku kadhaa, na kwa wengine wiki mbili, kabla ya kuona matunda yake. Wengi huipuliza siku mbili, wakaona haina maana, wakarudi kwenye kichupa chao cha zamani. Hapo ndipo safari inapoharibika.

Namna ya kuipuliza nayo ina maana. Inamisha kichwa mbele kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa mwanzi wa kushoto, na wa kushoto kwa mwanzi wa kulia, ili dawa ielekee ubavuni mwa pua na si kwenye ukuta wa katikati. Vuta hewa taratibu. Ukivuta kwa nguvu, dawa yote huenda kooni.

Siku zangu tatu za kwanza zilikuwa za taabu, sifichi. Nililala nimeinua kichwa kwa mito miwili. Nilioga maji ya moto kabla ya kulala. Niliosha pua kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni. Mama watoto alikichukua kichupa akakificha nisikokujua, kwa sababu saa tisa ya usiku akili ya mtu aliyezibwa pua haina mwamana. Siku ya tisa niliamka alfajiri nikasikia harufu ya kahawa kutoka jikoni. Sikuwa nimeisikia harufu hiyo vizuri kwa muda mrefu. Wiki ya nne nilikuwa huru pande zote mbili.

Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au pumu asianze kujiachisha peke yake bila ya kumwona daktari. Na ukishapona, kaa mbali na matone haya hata ukipata mafua mengine. Pua iliyowahi kunaswa hunaswa tena upesi.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi

Sisi wengi wetu tumezoea kupandisha maji puani tunapotawadha, kwa hivyo jambo hili si geni. Tofauti ni kwamba maji ya kuosha pua kwa tiba huingizwa mengi na huingia ndani zaidi, basi lazima yawe yamechemshwa. Maji ya kisima na hata ya mfereji huweza kuwa na vijidudu ambavyo tumboni havitishi, lakini vikiingia ndani kabisa ya pua huleta maafa.

Chemsha maji mpaka yatokote kwa dakika moja au zaidi, yafunike, yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kwenye nusu lita ya maji hayo tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ukoroge mpaka iyeyuke. Tumia chombo safi au bomba la sindano lisilo na sindano. Inama juu ya beseni, fungua mdomo, tia maji mwanzi mmoja taratibu, yaache yatoke upande wa pili. Yakikuwasha, chumvi imezidi au imepungua. Yaliyobaki yamwage, kesho utengeneze mapya.

Kujifukiza kwa mvuke huwapa wakubwa nafuu, lakini sufuria la maji ya moto na mtoto chini ya shuka moja ni balaa linalongoja kutokea. Mtoto asifukizwe.

Kilichoanzisha ni nini?

Ukiacha matone pua ikafunguka na kubaki wazi, sifa njema ni za Mungu. Lakini wapo ambao baada ya kuacha watagundua kwamba kuna tatizo la mwanzo lililokuwa limefichwa chini ya kichupa.

La kawaida zaidi ni mzio. Mtu hupiga chafya asubuhi, pua humwasha, macho humtoka machozi. Tazama nyumbani mwako. Magodoro na mazulia ya miaka mingi hubeba vumbi lenye vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kuta za nyumba zetu za zamani, hasa baada ya mvua za masika, hunyonya unyevu na kuota ukungu. Feni ambayo haijafutwa tangu mwaka jana huturushia vumbi usiku kucha. Na moshi: udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma katika chumba kilichofungwa madirisha. Sisemi tuache udi, nani atanisikiliza? Lakini chetezo kiwekwe ukumbini, madirisha yafunguliwe, na mwenye pua nyepesi asilale ndani ya moshi. Badala ya dawa ya mbu ya kuchoma, kuna chandarua. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, na magodoro yaanikwe juani.

Sababu nyingine ni ukuta wa pua uliopinda, vinyama vinavyoota puani, au kwa watoto, nyama za nyuma ya pua zilizokua kupita kiasi, ambazo humfanya mtoto akorome na kulala mdomo wazi. Hizo haziponi kwa matone. Zinataka kutazamwa na daktari, na kliniki za masikio, pua na koo ziko, kama ile ya hospitali kuu ya Pwani tunayoiita Makadara.

Usichelewe kabisa ukiona haya: pua imeziba upande mmoja tu kwa wiki nyingi, damu inatoka mara kwa mara, uso umevimba pembeni mwa jicho, homa kali na maumivu ya kichwa, au macho yameanza kuona vibaya. Na mtoto anayetoka kamasi yenye harufu mbaya upande mmoja tu, huenda amejitia ushanga, punje ya mahindi au kipande cha sponji puani.

Neno kwa wauzaji na kwa majirani

Walioniuzia vichupa vile kwa miaka mitatu siwalaumu peke yao, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikilitupa lile karatasi la maelezo kabla ya kutoka mlangoni. Lakini ombi langu kwa ndugu zetu wa kemisti ni dogo. Mteja akinunua, mwambieni kwa mdomo wenu: "Mwisho siku tano." Akirudi kununua cha pili mwezi huo huo, muulizeni. Akirudi cha tatu, mwelekezeni kwa daktari. Na sisi wanunuzi tununue kwenye kemisti zilizoandikishwa na Bodi ya Famasia na Sumu, si kwenye kibanda kinachouza matone pamoja na sabuni na kadi za simu.

Nyumbani, andika tarehe juu ya kichupa siku unayokifungua. Hesabu siku tatu. Usichangie kichupa na mwenzako, kwani ncha yake hubeba maambukizo kutoka pua hadi pua. Kikishamaliza kazi yake, usikiweke akiba ya mafua yajayo. Na kama lazima kikae nyumbani hata siku hizo tatu, kikae juu, mbali na mkono wa mtoto, kisilale chini ya mto kama nilivyokilaza mimi.

Ramadhani iliyofuata nilifunga mwezi mzima nikipumua kwa pua. Ilipoadhiniwa magharibi, mkono wangu ulikwenda kwenye tende pamoja na mikono ya wenzangu.